Aliyesimama Nyuma ya Watalii

Nyumba ya Walburga Henzen iko pale njia inapokata kona kwenda kanisani, na kama umewahi kuletwa Ladmatt, kijijini kwetu milimani, kwa basi la watalii, umeipiga picha hata kama hukumbuki. Ni ile nyeusi. Magogo yake ya msonobari yamepigwa na jua tangu enzi za babu wa babu zetu mpaka yamekuwa rangi ya sufuria iliyosahauliwa motoni, na barazani mwake kuna maua mekundu ambayo mwenyewe hakuyapenda hata kidogo. "Yanakunywa maji kuliko ng'ombe," alikuwa akisema, "na hayatoi maziwa." Lakini Bwana Bieler wa chama cha utalii alisema nyumba isiyo na maua haipigwi picha. Basi Burga, ndivyo tulivyomwita, akayapanda.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na viganja vilivyokomazwa na kukamua. Maneno yake yalikuwa machache, na karibu yote yalikuwa na ncha. Nakumbuka mtalii mmoja alisimama uani, kashika kiuno, anautazama mlima uliotuinamia, akauliza kupitia kwa mkalimani kama mama huyu haogopi kuishi chini ya kitu kikubwa namna ile. Burga akamtazama yule bwana, kisha akamtazama mkewe, jimama la kutosha, aliyesimama kando yake. "Mwulize," akamwambia mkalimani, "kwani yeye anaogopa?" Mke mwenyewe alicheka mpaka akakalia ndoo.

Mimi nimeishi ukuta kwa ukuta naye maisha yangu yote. Haya nitakayowasimulia, mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe tukimenya viazi. Kaeni vizuri, sina haraka.

Mumewe aliitwa Viktorin. Alikuwa kiongozi wa wapanda mlima, na Barafu aliijua kama mtu anavyozijua ngazi za nyumba yake gizani. Barafu ndivyo tunavyoliita lile pande kubwa linaloshuka kutoka juu polepole, mwaka baada ya mwaka, kama mto uliolala usingizi lakini hauachi kujisogeza. Walikuwa hawajakaa sana katika ndoa, hawajapata hata mtoto, alipokuja mgeni mmoja wa nchi za tambarare kutazama milima. Alikuja peke yake, mwisho wa kiangazi, wageni wengine wameshaondoka. Aliitazama milima kutoka chini wiki nzima, akashiba, akasema sasa anataka kuona upande wa pili ukoje. Viktorin akamfunga kamba kiunoni, akajifunga mwenyewe mwisho wa pili, kama ilivyo desturi, wakaondoka asubuhi yenye jua zuri. Alasiri theluji ikaanguka kabla ya wakati wake. Hawakurudi. Wanaume wetu walitafuta mpaka vidole vikawa vyeusi, wasipate hata kofia.

Padre aliwasomea misa. Kila mwaka, siku ile ile, alisoma misa "ya Viktorin Henzen na mwenzake." Mwenzake hakuwa na jina. Alilala katika chumba cha juu ya duka, akalipa, akasalimia watu vizuri, na hakuna aliyefikiria kumwuliza anaitwa nani. Tulimwita Mgeni, na Mgeni tunao wengi.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu kidirisha.

Katika nyumba zetu za zamani, sebuleni, juu ya benchi linalozunguka jiko la mawe, kuna kitundu ukutani. Hakizidi kichwa cha ndama. Kina kibao cha kusukuma pembeni. Mtu akikata roho, mkubwa wa nyumba anapanda juu ya benchi, anasukuma kibao, anataja jina la marehemu kwa sauti ya kumwita mtu aliye uani, anasali Baba Yetu moja, anafunga. Kwisha. Hakifunguliwi kwa moshi wala kwa joto. Na hakifunguliwi bila jina, maana ukikifungua kwa jina umemtoa mtu, na ukikifungua bila jina umemwita.

Viktorin alipopotea, mama yake, bibi Filomena, aliyekuwa akiishi na Burga na anaendelea kuishi naye katika hadithi hii, alisema wamfungulie. "Mwanangu amekufa, binti. Mfungulie aende zake."

"Umeona maiti, mama?"

"Nimeona theluji."

"Basi mimi sifungui. Akirudi akakuta tumeshamtoa, atajisikiaje?"

Hakufungua mwaka ule, wala mwaka wa pili, wala miaka kumi iliyofuata, wala mingine kumi. Alikuwa akifuta vumbi ukuta mzima, akifika penye kibao anakiruka. Ndivyo walivyoishi wale wanawake wawili, mmoja akisubiri, mwingine akisubiri mwenzake amalize kusubiri.

Halafu barabara ikapanuliwa na mabasi makubwa yakaanza kupanda. Watu walikuja kutazama milima, lakini milima ina tabia ya kujificha kwenye mawingu siku unayoijia, kwa hiyo ikabidi waonyeshwe kitu kingine, na hicho kitu kikawa sisi. Tanuri letu la mkate lilipigwa picha. Maghala yetu yaliyosimama juu ya miguu ya mawe yakapigwa picha. Bwana Bieler akaja kwa Burga, kavua kofia, kaketi.

"Dada Burga, hawa watu wanasafiri siku nzima ndani ya basi. Wanataka kuona kitu ambacho kwao hakipo."

"Kwao hawafi?"

"Wanakufa, dada. Ila kwa madirisha ya kawaida."

"Kibao watakiona kikiwa kimefungwa."

"Kikifungwa, sebule yako ni giza kama tumbo la nyangumi. Picha hazitoki. Fungua kidogo tu wapate mwanga."

"Hakifunguliwi bila jina."

"Basi taja langu."

"Wewe ukinidondokea hapa, nani atamwagilia maua?"

Walicheka wote, hata bibi Filomena kutoka kitandani kwake nyuma ya pazia. Na mwishowe Burga alikubali. Paa lilikuwa linavuja, na fedha za watalii zingelitengeneza, hilo ni kweli. Lakini nadhani kulikuwa na jambo zaidi. Kile kibao kilikuwa kimemtazama miaka mingi, na mtu anachoka kutazamwa. Kama kingefunguliwa kwa ajili ya kamera, mbele ya watu wenye kofia za jua wanaotafuna peremende, labda kingegeuka kuwa tundu tu, kama matundu mengine.

Basi la kwanza lilikuja mwezi wa saba. Aliyewaongoza alikuwa msichana mmoja mchangamfu, Odile, anayetembea na mwavuli mwekundu juu hewani ili watu wake wasipotee. Wakajazana sebuleni wakikanyagana. Burga akasimulia, Odile akatafsiri. Kisha Burga akapanda juu ya benchi, akasukuma kibao. Kilikuwa kigumu, kikalia. Mwanga ukaingia kama fimbo nyeupe, na pamoja na mwanga kikaingia kibaridi, si kingi. Kamera zikalia. Hakutaja jina la mtu yeyote.

Aliposhuka ndipo alipomwona. Nyuma kabisa, karibu na mlango, nyuma ya mabega ya wengine, alisimama mwanamume aliyewapa kisogo, anatazama mlima kupitia dirisha la uani. Alivaa koti zito la sufu ya kahawia. Na kiwiko cha kushoto cha koti lile kilikuwa na kiraka cha ngozi nyeusi ya kondoo, kilichoshonwa kwa mshono mpana unaoyumba, kwa sababu aliyekishona alikuwa ameungua kidole siku hiyo.

Alikuwa amekishona yeye mwenyewe.

Watalii walipotoka, aliwapita mbio mpaka uani. Hakuna koti.

"Dada Odile, yule bwana wa nyuma, mwenye koti la sufu, amekwenda wapi?"

Odile alimtazama kwa huruma. "Koti la sufu, mama? Na joto hili?"

Burga akarudi ndani. Sakafuni karibu na mlango palikuwa na maji, maji kidogo, ya ukubwa wa nyayo mbili.

Mtu mwingine angekifunga kibao kile, akaenda kwa padre. Burga alikiacha wazi. Kesho yake lilikuja basi jingine, na mtu yule akaja. Keshokutwa pia. Hakuwa akija bila watalii. Ilikuwa kana kwamba anahitaji kuingia katikati ya watu wengine, kama mtu asiyealikwa anavyopenya harusini. Lakini walipotoka yeye alianza kubaki, kidogo kidogo, kila mara zaidi, amesimama pale pale, uso kwa mlima. Burga hakuthubutu kumshika. Aliketi kwenye benchi na kuzungumza.

Mimi nilimsikia. Nilikuwa nimepeleka maziwa, nikasimama kwenye ngazi. Alikuwa akisema habari za ndama aliyekufa majira ya kuchipua. Alisema jinsi alivyowakasirikia watu waliomletea keki baada ya mazishi yasiyo na maiti. Alisema, "Asubuhi ile sikukuaga vizuri, nilikuwa na mikono ya unga." Nikadhani anazungumza na bibi Filomena. Nilipoingia alikuwa peke yake, bibi amelala nyuma ya pazia, na ile sebule, ndugu zangu, ilikuwa baridi. Jiko lilikuwa linawaka, nililigusa likaniunguza. Lakini joto lilikuwa linabaki pale pale kwenye mawe, haliendi popote.

"Burga, funga kile kitundu," nikamwambia.

"Watalii wanakuja mchana."

"Watalii wanakuja, wanaondoka. Huyo asiyeondoka ni nani?"

Alipokea maziwa akanishukuru, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, nami nikaogopa zaidi.

Aliyeumia ni bibi Filomena. Alikuwa mzee lakini mkakamavu, anayekula jibini na mkate mweusi bila kuuloweka, anayetukana wanasiasa wa redio kwa majina yao. Katikati ya mwezi wa nane akaanza kupungua. Vidole vyake vikawa na rangi ya buluu. Pumzi yake ilionekana, moshi mwembamba mdomoni, kiangazi, ndani ya nyumba yenye moto. Daktari alipanda kutoka bondeni, akasikiliza kifua, akasema ni umri. Bibi akamwambia, "Umri ninao miaka mingi, kijana, haujawahi kunipuliza shingoni."

Daktari alipoondoka akamwita Burga.

"Binti, anasimama kwenye pumzi yangu."

"Ni mwanao, mama. Ni Viktorin."

"Si Viktorin."

"Koti ni lake. Kiraka nimeshona mimi."

"Macho yangu hayaoni koti. Masikio yangu yanasikia. Viktorin alikuwa anakanyaga kama ng'ombe anayetoka zizini, tangu ana miaka miwili. Huyu anakanyaga kama mtu aliyeazima sakafu."

"Amekuwa kwenye barafu miaka yote hii! Ungetaka akanyageje?"

"Mwambie akutazame."

Hapo ndipo palipouma. Kwa maana Burga alishamwomba. Alimwomba kwa upole, alimwomba kwa hasira, na mara moja alimzunguka mbele. Alipofika mbele, alimkuta tena amempa kisogo, bila kuwa amegeuka.

"Ukikiacha wazi, mimi sifiki vuli," bibi akasema. Hakusema kwa kulalamika. "Sikutishi. Nataka tu ujue unanibadilisha na nani."

Burga alikaa na neno hilo. Alimpenda bibi yule. Walikuwa wamezeeka pamoja, mmoja mbele na mwingine nyuma yake. Alipanda kwenye benchi, akaweka mkono juu ya kibao, na akaona, chini, kwenye kona, lile koti likitetemeka kidogo, kama mtu aliyesimama kwenye upepo. Akashuka. Alisema kesho. Kesho akasema kesho.

Kisha Barafu yenyewe ikasema.

Kiangazi kile kilikuwa cha joto kali kuliko tulivyozoea, na pale chini Barafu inapoishia na kuanza kutoa maji ya maziwamaziwa, wachungaji wawili waliona kiatu. Kiatu kilikuwa na mguu. Wanaume wakapanda na mashoka. Viktorin alikuwa amelala kifudifudi, mzima, kijana, nywele zake bado nyeusi. Mkewe alikuwa na mvi.

Walimteremsha akiwa amelazwa juu ya mlango wa ghala wakamweka sebuleni, mezani, kama inavyotakiwa. Nilikuwepo. Nilishika mshumaa. Burga alimtazama uso muda mrefu, akamfuta kwa kitambaa, taratibu, nyuma ya masikio kama unavyomfuta mtoto. Ndipo mkono wake ukasimama.

"Koti lake liko wapi?"

Wanaume walitazamana. Viktorin alikuwa amevaa shati na kizibao tu.

"Hakuwa na koti, Burga," akasema Kamil Rieder, aliyekuwa mkubwa wao. "Hivyo ndivyo tulivyomkuta."

"Na kamba?"

Kamil akainamisha kichwa. "Kamba ilikuwepo kiunoni. Ilikuwa imeingia kwenye barafu, inashuka chini. Tulivuta, haikuja. Ikabidi tuikate."

Kila mtu chumbani alikuwa akiifuata ile kamba kichwani mwake, kushuka na kushuka, mpaka mwisho wa pili. Nyuma ya pazia bibi Filomena akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alimpa yule kijana mgeni koti lake. Ndivyo nilivyomlea."

Burga alipanda juu ya benchi. Akafunga kibao kilichokuwa wazi tangu mwezi wa saba, akakifungua upya kama desturi inavyotaka, akaita, "Viktorin!" kama anamwita chakula kiko tayari. Tukasali. Akafunga. Na wote tuliokuwamo tulihisi kitu kikipita juu ya vichwa vyetu, chepesi, na mishumaa ikainama upande mmoja ikasimama tena. Tukamzika kesho yake kwa kengele zote. Burga hakulia. Watu walisema amelia vya kutosha zamani.

Tulidhani imekwisha. Lakini Bwana Bieler, katika pilikapilika za mazishi, alisahau kulizuia basi la siku ya tatu.

Lilipanda katikati ya ukungu mzito. Watalii hawakuona hata mnara wa kanisa, maskini, wakaingia kwa Burga wakitetemeka na kulalamika. Burga alivaa nyeusi. Aliwasimulia yale yale, kwa sauti ya chini, na kibao hakukigusa. Na alipoinua macho, nyuma ya mabega ya watu, karibu na mlango, koti la kahawia lilikuwa limesimama.

Odile akawapeleka watu wake kanisani. Mimi nilikuwa nakuja na maziwa, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo hii niliiona, au niliona kile kilichoonekana. Burga amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia. Kwenye kona hapakuwa na mtu, kwa macho yangu. Palikuwa na nyayo mbili za maji, na maji yale yalikuwa yakiongezeka mbele yangu.

"Bwana," Burga akasema, "samahani sana. Majira yote haya nimekuita kwa jina la mtu mwingine. Ni makosa kumkaribisha mtu nyumbani bila kumwuliza jina. Wewe unaitwa nani?"

Mahali fulani ndani ya ukungu ng'ombe alitikisa kengele yake. Kisha nikaona uso wa Burga ukibadilika kama uso wa mtu anayegeukiwa na mwenzake. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa kijana, kijana kabisa, mwenye midomo ya buluu na nyusi zenye theluji, na kwamba alikuwa na aibu. Na alisema jina lake. Mimi nilisikia tu kama maji yanayopita chini ya barafu.

"Jina gani hilo?" bibi Filomena akanung'unika nyuma ya pazia. "Kama mtu anakohoa."

Burga akapanda juu ya benchi. Akaweka mkono kwenye kibao. Na hapo akakwama.

Nilisubiri. Maji yalifika kwenye mguu wa meza. Nikaona mkono wake umekamata kibao mpaka vifundo vimekuwa vyeupe, lakini hakisogei, na haikuwa kwa sababu ni kigumu.

"Fungua, binti," bibi akasema. "Amechoka kusimama."

"Si wa nyumba hii, mama. Kidirisha ni cha watu wa nyumba."

"Alikwenda na mwanangu. Koti letu analo. Sasa unataka awe wa nyumba ya nani? Fungua."

"Mama, nimemwambia mambo."

"Najua."

"Mambo ambayo sijamwambia mtu. Hata Viktorin."

"Najua, nimeyasikia yote. Mimi ni mzee, si kiziwi." Bibi akakohoa, na pumzi yake ikatoka juu ya pazia kama moshi. Kisha sauti yake ikalainika. "Unaweza kumweka, Burga. Hatakukataza. Yeye ni mtu mwenye adabu, atasimama hapo mpaka mwisho wa dunia kama hujamwambia aende. Ndiyo sababu ni juu yako."

Burga akalaza paji la uso kwenye ukuta. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amezimia. Halafu akasukuma kibao, akaliita lile jina gumu kwa sauti kubwa, likagonga magogo likatoka nje kwenye ukungu. Akaanza Baba Yetu. Alifika katikati akashindwa, na bibi Filomena ndiye aliyeimalizia kutoka kitandani, neno kwa neno, kwa sauti iliyokuwa ikipata nguvu.

Odile aliporudi kuchukua mwavuli wake aliousahau, alimkuta mama wa nyumba ameketi sakafuni penye maji, analia kwa sauti kama mjane aliyefiwa leo. Akamwinamia, akamshika bega. "Pole sana kwa mumeo, mama."

"Si yeye," Burga akasema. Odile hakuelewa, na mimi sikumweleza.

Sebule ilipata joto jioni ile ile. Bibi Filomena alikula jibini, akamtukana waziri mmoja kwenye redio, akaishi majira mengine mawili ya baridi. Kwenye misa ya kila mwaka sasa husomwa majina mawili. Padre hulisoma lile la pili vibaya kila mwaka, na kila mwaka Burga humsahihisha kwa sauti kutoka kwenye benchi la kanisa. Barafu haijamtoa yule kijana mpaka leo. Bwana Bieler alikuja kuulizia picha, Burga akamwambia wapige picha ya kibao kilichofungwa, na wasiotaka wakapige picha ya maua. Mabasi hayakupungua. Watu hupenda kitu kilichofungwa.

Vuli iliyofuata tulikuwa tunamenya viazi barazani kwake, jua liko juu ya kilele, na mimi, kwa kuwa mdomo wangu haujui kukaa, nikamwuliza kama bado anamkumbuka Viktorin.

"Viktorin nimemzika," akasema. "Alikuwa mume mwema. Alimpa mtu koti lake, unataka nini zaidi." Akazungusha kiazi mkononi. "Lakini alikuwa akinipenda huku anatafuta viatu vyake. Yule mwingine, jirani, alikuwa akisikiliza. Majira yote alisimama akanisikiliza."

Akachukua kiazi kingine. Kisha akalitaja lile jina, polepole, kama mtu anayelionja, akanyamaza, kichwa chake kikiwa kimeinama upande kuelekea mlimani, na kisu kimesimama hewani, kama mtu anayesubiri ajibiwe.